Oga Kwanza, Utaongea Baadaye

Mwanangu Manyama,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kupasha maji. Mtoto anarudi nyumbani ameumizwa, hasemi, macho yako chini, na mtu mzima anayempenda anabandika sufuria jikoni na kumwambia: oga kwanza. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Kwetu maji ya moto ni huruma. Mgeni akitoka safari anapewa maji, aliyetoka msibani anapewa maji, mama aliyejifungua anakandwa kwa maji. Ndiyo maana kosa hili ni gumu kuliona. Linafanana mno na upendo.

Naandika mchana huu wewe ukiwa Bugwema kumuaga bibi yako. Mambo ya chandarua, godoro na barua ya kuripoti kazini tumeshayazungumza, na wewe ni mtu mzima, sitayarudia. Naandika kwa sababu ya neno ulilolisema jana tukila. Nilipokuambia sitaki baba yako mdogo Masatu, ingawa umemwalika wewe, aje kesho na gari lake kukupeleka kazini Buhemba, uliweka tonge chini ukasema, "Baba, si mambo hayo yaliisha?" Nilinawa mikono nikatoka nje, na najua uliona kama nimekasirika. Sikukasirika. Nilikosa pa kuanzia.

Lililompata dada yako Nyangeta kwa mtu yule unalijua. Marehemu mama yako alikuambia kabla hajatutoka. Usilolijua ni jinsi hayo mambo "yalivyoisha." Asubuhi hii, kabla sijashika kalamu, nilimpigia Nyangeta kule Kamunyonge nikamuomba ruhusa, kwa maana habari hii ni yake kabla ya kuwa yangu. Nilisikia cherehani yake ikisimama. Akasema, "Andika, baba. Ila usiandike alichonifanya yeye. Andika mlichofanya nyie."

Basi nitaandika tulichofanya sisi.

Dada yako alikuwa kidato cha kwanza, wewe hujaanza shule. Likizo ilipofika tulimpeleka Bunda kwa baba yake mdogo asaidie dukani, pale palipokuwa panauzwa dawa za pamba na majembe. Tulikuwa tunajivunia kumpeleka. Masatu alikuwa mtu wa maana, ameoa, anasali, watu wanamwita kuchangia kila harusi. Kabla likizo haijafika katikati, Nyangeta alirudi peke yake, mchana kweupe. Nilikuwa nimekaa barazani nasoma gazeti. Nilimwona anaingia uani ameshika mfuko wake kifuani kwa mikono miwili.

Swali langu la kwanza lilikuwa hili: "Mbona umerudi mapema? Umewaaga?"

Umewaaga. Niliogopa mwanangu amewakosea adabu wenyeji wake.

Akasema, "Baba, mimi kwa baba mdogo sirudi."

Nikamjibu kwa upole kabisa, "Haya, oga kwanza, utaongea baadaye." Nikapaza sauti kuelekea jikoni: "Mama Nyangeta! Mpashie mtoto maji, amechoka na safari." Kisha nikarudi kwenye gazeti langu.

Nimeyafikiria maneno yale kwa miaka mingi, Manyama, na nataka nikueleze nilichokuja kukielewa. Mtoto aliyeumizwa haji na hadithi. Anakuja na sentensi moja. Ameitengeneza njia nzima, kutoka Bunda hadi Butiama, ameipima, ameipunguza, ameondoa kila neno ambalo angeshindwa kulitamka mbele ya baba yake. Kilichobaki ndicho anachokupa mlangoni. "Sirudi." "Tumbo linaniuma nikiwa kule." "Naomba nihamie kwa shangazi." Ukiipokea sentensi hiyo, atakupa ya pili. Ukimwambia baadaye, anaelewa kwamba ulisikia na hukutaka. Mimi niliupata mlango umefunguliwa, nikaufunga kwa adabu.

Bafu letu siku zile lilikuwa la mabati, nyuma ya nyumba. Mama yako alitoka humo na gauni la mtoto mkononi, limeshafuliwa, linachuruzika. Alinitazama mpaka nikaelewa. Kisha akasema, "Twende hospitali."

Nikamwambia, "Tukaseme nini? Ameshaoga. Na nguo umeshafua."

Angalia nilivyofanya. Maji niliagiza mimi, lakini katika sentensi ile ndogo nilimbebesha mama yako. Umeshafua. Aliishi na neno lile. Katika ugonjwa wake wa mwisho, akiwa hana nguvu hata ya kushika kikombe, aliniambia, "Baba Nyangeta, lile gauni ningeliacha." Nilimwambia kosa halikuwa lake. Nilichelewa sana kumwambia.

Sasa ngoja nikueleze, kwa sababu kesho kutwa utaitwa mwalimu na watu watakuletea haya. Nguo hazifuliwi. Hazifungwi kwenye mfuko wa plastiki, kwa maana unyevu huziharibu. Zinawekwa kwenye karatasi au zinakunjwa ndani ya kanga kavu. Aliyeumizwa anapelekwa hospitali mapema iwezekanavyo. Dawa za kumkinga na Virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya siku tatu, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Ipo na dawa ya kuzuia mimba, nayo haingoji. Fomu ya polisi ipo, lakini usikubali mgonjwa aachwe kwenye benchi eti kwa sababu ya fomu. Simama pale, ongea kwa heshima, usiondoke. Na hili ndilo ambalo sikulijua: hata akiwa ameoga, mpeleke. Maji yanaweza kupunguza ushahidi. Hayapunguzi majeraha, wala hayazuii ugonjwa.

Tulikaa nyumbani. Hospitali hatukwenda. Mungu alimlinda na magonjwa, lakini sisi hatukumlinda, na mambo hayo mawili usiyachanganye, kwa sababu ndugu zako huyachanganya kila wakiongea: "Mbona yuko salama tu?"

Wiki haijaisha, wazee wa ukoo walikuja. Walikaa sebuleni, Masatu akiwa katikati yao, amevaa shati jeupe. Nyangeta alikuwa jikoni, ukuta mmoja tu unatutenga. Hakuna aliyesema aitwe. Nilianza kusema kuhusu polisi, nakiri nilianza, sauti yangu ikiwa chini. Mzee Wambura, ambaye alikuwa mkubwa wa kikao, alicheka.

"Mwalimu, mambo ya kitabu waachie wanafunzi wako. Damu haishtaki damu. Hivi vitu tulikuwaga tunavimaliza hapa hapa, na ukoo unabaki mmoja. Au unataka binti yako akatajwe kwenye redio?"

Mwingine akadakia, "Nani atamuoa?"

Masatu akainamisha kichwa. "Kama kuna mahali nilikosea, kaka, nisamehe."

Kama. Nimefundisha sarufi maisha yangu yote, nimewachapa watoto wa watu kwa kutumia "kama" mahali pasipofaa, na siku ile neno lile lilipita mbele yangu nikalinyamazia. Nikasema nimesikia. Ukoo ukapumua. Mzee Wambura akatamka kwamba Masatu ataleta mtamba mmoja, na jambo limekwisha.

Mtamba akaja, mwekundu, mwenye alama nyeupe usoni. Nyangeta alisimama pale uani wakati tunamfunga. Akamuuliza mama yake, "Huyu ng'ombe ni wa nani?" Mama yako aliingia ndani.

Ng'ombe yule alizaa, tukamkama. Asubuhi ya kwanza ya maziwa yale Nyangeta alisukuma kikombe chake akaomba chai ya rangi. Tulidhani ni hasira za kitoto, zitapita. Mpaka leo ukienda kwake Kamunyonge atakuwekea maziwa wewe, yeye atakunywa ya rangi. Mara ngapi umemtania mbele yangu, "Dada, unabana matumizi?" Anacheka na wewe. Sasa unajua anachocheka.

Na uzao wa ng'ombe yule, mwanangu, ndio tuliouza ukaenda chuo. Sikuambii hili ili likuvunje moyo siku ya safari. Ulikuwa mtoto, hukuchagua. Nakuambia kwa sababu uliuliza kama yaliisha, na wewe unakwenda kufundisha Kiswahili, kwa hiyo nitakujibu kama mwalimu kwa mwalimu. Kuisha na kumalizwa si kitu kimoja. Mvua inaisha. Homa inaisha. Jambo la dada yako halikuisha, lilimalizwa, na kitenzi kile kina mtendaji. Mtendaji ni mimi. Tulilimaliza kwa kulinywa, asubuhi hadi asubuhi, kwenye vikombe vyetu.

Nilipostaafu waliniweka kwenye kamati ya kata ya kulinda wanawake na watoto. Waliniona mtu mwenye busara. Katika semina yetu ya kwanza, afisa ustawi wa jamii, binti wa umri wa Nyangeta, alitueleza sheria. Nikanyoosha mkono nikauliza, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya jirani: je, ikiwa mtoto ameshaoga na nguo zimefuliwa, si kesi imekufa?

Akasema, "Hapana, mzee wangu. Mahakama zetu zinasema ushahidi ulio bora ni wa yule aliyetendewa. Akiaminika, neno lake peke yake linaweza kumtia mtu hatiani."

Niliandika maneno hayo, kisha nikashindwa kusoma nilichoandika. Miaka yote nilikuwa nimejipumzisha kwenye maji. Nilikuwa nasema moyoni, laiti asingeoga. Kumbe ushahidi ulikuwa umesimama uani kwangu umeshika mfuko kifuani, una sauti, unasema "sirudi." Maji hayakuua kesi. Mimi nilikuwa nayahitaji yale maji, ili nisije nikamshtaki mdogo wangu.

Ungedhani ubaya uliishia kwenye nyumba yetu. Baada ya miaka kadhaa Masatu alichukua binti wa kazi kutoka Bugwema. Binti huyo alirudi kwao kabla ya muda, kama dada yako alivyorudi. Nilipata habari mavuno mawili yamepita, nikaenda. Mama yake alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nilipomwambia kilichonileta, akasema bila hasira yoyote, "Mwalimu, tulisikia hata kwako mlimaliza. Tukasema, kama mwalimu alimaliza, sisi ni nani?"

Nikawaambia polisi bado wapo, hospitali bado zipo, nitakwenda nao na nitasimama nao. Baba wa binti alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuinua macho. Akaniuliza, "Na yule mtamba wako utakuja naye?"

Niliinuka nikaaga. Leo ukienda kwa bibi yako umepita mbele ya nyumba ile.

Kwa hiyo nikikuambia mambo machache kuhusu huko uendako, usidhani nahubiri. Yote nimeyanunua. Buhemba ina machimbo, ina watu wanaokuja na kuondoka, na watu watakuambia hatari ni hao wageni. Watakuonyesha wachimbaji kwa kidole. Wako wabaya miongoni mwao, kama kila mahali. Lakini aliyemuumiza dada yako alimjua jina, aliwahi kumbeba mgongoni. Binti akimkwepa ndugu anayesifiwa na kila mtu, usimsahihishe adabu zake.

Utakuwa mwalimu kijana mwenye nyumba ya peke yako. Usimtume mwanafunzi wa kike kupeleka madaftari nyumbani kwako, hata kama walimu wote wanafanya hivyo, hata kama moyo wako ni safi. Hujui aliyekutangulia alimfanya nini msichana yule kwenye mlango kama huo. Na ofisini kutakuwa na utani. Atapita binti wa kidato cha tatu, mwalimu mmoja atasema, "Huyu sasa ameiva," na wenzake watacheka. Mimi nilicheka utani wa namna hiyo kwa miaka mingi, si kwa kuufurahia, kwa kuogopa kuonekana najifanya mtakatifu. Wewe usicheke. Huhitaji kutoa hotuba. Ukimya wa mtu mmoja kwenye chumba kinachocheka unasikika sana.

Na yule atakayekuja na sentensi yake moja, acha unachofanya. Usiulize alikuwa wapi, alivaa nini, alimuaga nani. Mwambie umemsikia, mwambie kosa si lake. Usimuahidi kwamba utaficha, kwa sababu jambo la mtoto anayeumizwa halifichwi. Mwambie ukweli, kwamba mtakwenda pamoja kwa watu wanaoweza kusaidia, na wewe hutamwacha njiani. Kisha usimwache njiani. Nimewasindikiza wachache tangu niingie kwenye kamati. Mmoja alikuwa mama anayeuza dagaa, aliyekuja kwangu nguo zake akiwa amezifunga kwenye kanga kama nilivyokuwa nimewafundisha kwenye mkutano. Kesi yake ilichukua muda mrefu, na siku zingine alinitukana kwa uchovu. Nilimwacha anitukane. Ilikuwa sehemu ya kazi.

Nyangeta nimemwambia kwamba siku akitaka kwenda polisi, kwenye dawati la jinsia, nitakwenda naye, na nitasema mbele ya yeyote nilichofanya. Alisema atafikiri. Simharakishi. Jambo hili liliamuliwa mara moja bila yeye. Safari hii ataamua yeye, na akiamua kukaa kimya pia nitakuwa upande wake.

Limebaki la kesho. Masatu nimempigia mwenyewe juzi nikamwambia asikanyage hapa. Alicheka kicheko chake kile cha kistaarabu. "Kaka, si tulimalizana? Na aliyenialika ni kijana. Yeye ndiye mwenye safari. Akinikatalia kwa mdomo wake, sitakuja. Asiponikatalia, nitakuja na gari nimeliosha, na wazee nitakuja nao wambariki."

Unaona alivyopanga. Anajua nilishamaliza mara moja, kwa hiyo neno langu kwake ni jepesi. Sasa anataka kuona kama na wewe utamaliza. Ukipanda gari lile mbele ya wazee, umeketi kwenye kikao kile cha sebuleni, umepokea mtamba wako.

Dada yako amekushonea mashati ya kufundishia. Aliniambia asubuhi, cherehani ikiwa bado imesimama: "Nataka kuja kumuaga mdogo wangu, baba. Kama yule hayupo, nitafika mapema. Kama yupo, mashati nitayatuma kwa bodaboda." Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayetaja bei ya nguo. Amezoea kuwa yeye ndiye anayekosekana. Kwenye mahafali yako hakuwepo. Kwenye mazishi ya mama yake alisimama nyuma kabisa, karibu na barabara, kwa sababu Masatu alikuwa mbele anashika jeneza, na hakuna aliyemwambia atoke. Mimi nilikuwa mita chache kutoka kwake. Sikumwambia.

Gari si kitu. Godoro lako litapanda juu ya basi. Wazee watanuna, Mzee Wambura atasema mwalimu amemharibu mtoto kwa vitabu, na wewe utaanza kazi ukiwa umewakosea watu wazima. Ni kweli, utakuwa umewakosea. Nakuomba uwakosee.

Utarudi jioni na vumbi la Bugwema, utanikuta kibarazani nikupe barua hii uisome hapo hapo, na maji yako yatakuwa tayari bafuni, ya moto, kama kawaida ya nyumba hii. Yaache yapoe. Kabla hujavua viatu, mpigie simu Masatu, umwambie kwa mdomo wako asije.